Miwani ya Mgeni na Vipindi Vinne

Nimekulia nyuma ya meza ya mama, sokoni Songea mjini, na mambo mengi ya maana yaliyomo kichwani mwangu niliyapata pale kabla sijakanyaga chuo chochote. Mama aliuza maharage na ulezi. Alinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza mteja akikuona, mara ya pili akiwa ameondoka. Alinifundisha pia kwamba mteja anayesifia maharage yako hanunui. Anayeyatukana, huyo mpimie.

Kisha nikaenda kusomea ualimu wa Kifaransa. Sababu zake sijawahi kuzieleza vizuri kwa mtu yeyote wa nyumbani. Shangazi yangu, akiulizwa kazi yangu, mpaka leo husema, "Anafundisha watoto lugha ya watu fulani." Siku hizi nimeacha kumsahihisha. Kwa kweli hajakosea.

Nikapangiwa shule ya sekondari upande wa Ruhuwiko. Kifaransa pale kilikuwa somo la hiari, na somo la hiari ni kama genge la pembeni mwa barabara: ukigeuka kutafuta chenji, mteja kaondoka. Ndiyo maana kila nilipoingia kidato cha tatu niliwahesabu wanafunzi wangu mara mbili. Walikuwa kumi na tisa. Watoto wazuri, wasikivu, na katika kuandika hawakuwa na mchezo. Ukiwapa zoezi la kujaza nafasi, wanajaza zote na kukurudishia madaftari masafi kama sahani za wageni. Ila ukimsimamisha mmoja na kumwuliza kwa Kifaransa, "Unaitwa nani?" anaangalia sakafu. Ukirudia, anaiangalia zaidi. Nimewahi kusubiri jibu mpaka kengele ikalia, na yule mtoto akanishukuru.

Haikuwa ujinga. Ilikuwa ni malezi. Huku kwetu mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa na mkubwa anajibu neno moja, sauti chini, macho chini. Akijibu maneno matatu, mama yake anamwuliza anajibizana na nani. Sasa Kifaransa chote ninachokijua mimi ni kujibizana. Wenye lugha yao hawawezi kununua mkate bila kubishana nao kidogo. Nilikuwa nawadai watoto kitu ambacho wangekifanya nyumbani wangekula kofi.

Mkuu wetu wa shule ni mtu wa Hesabu. Vile vipindi vyangu vinne kwa wiki alikuwa anaviangalia kama mtu anavyoangalia kiwanja cha jirani kisichojengwa. Siku moja aliniita ofisini.

"Madam, hawa watoto wako wataongea lini?"

"Wanaandika vizuri, Mkuu."

"Kuandika hata mimi naandika. Nauliza kuongea." Akasogeza kikombe chake cha chai. "Mwisho wa muhula anakuja mthibiti ubora. Mama mmoja, na nimeambiwa Kifaransa anakijua. Akija kukagua wakaangalia sakafu, vipindi vyako vinne vinaenda Hesabu, na wewe unarudi Uraia."

Uraia nimewahi kuufundisha. Sina ugomvi nao, mimi mwenyewe ni raia. Lakini nilipotoka pale ofisini nilijikuta nimesimama karibu na tangi la maji nikiwahesabu watoto wangu kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayefunga genge. Mwakani, wakiwa kidato cha nne, wangekwenda kwenye mtihani bila somo lao. Kulikuwa na binti mmoja mle, Mmatengo kutoka Mbinga aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake, aliyeacha somo jingine ili achukue Kifaransa, na mjomba hajamsamehe. Huyo ningemwambia nini?

Bahati ilikuja kwa njia ya agizo, kama zinavyokuja bahati nyingi za walimu. Afisa elimu alitaka shule zinazofundisha lugha za kigeni zishirikiane. Iliyokuwa karibu yetu ni moja tu, ya Mshangano, nayo ilifundisha Kiarabu. Mkuu akauliza Kiarabu na Kifaransa vitasaidianaje. Hakuna aliyejua, kwa hiyo tukakubali.

Mwalimu wao wa Kiarabu alikuja kwetu kwa bodaboda, kofia kichwani, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo isiguse mnyororo. Wanafunzi walimwita Ustadhi. Tuliketi ofisi ya walimu tupange utaratibu, akaniambia shida yake, na ilikuwa shida yangu iliyovaliwa nje ndani. Watoto wake walikuwa na sauti. Tangu utotoni wamezoea kusoma kwa kukariri, wote pamoja, mpaka bati linaitika. Ila ukimwuliza mmoja wao mlango uko wapi, anakusomea somo zima la mlango, na mlango haonyeshi.

"Wako wameandika, wangu wamekariri," alisema. "Tukiwachanganya tunapata mtu mmoja mzima."

"Wewe mwenyeji wa wapi, Ustadhi?"

"Tunduru. Myao halisi, mwenye mikorosho."

"Mimi Mngoni."

Aliweka kalamu chini. "Basi hapa tumekwisha," alisema, akachukua mwavuli wangu uliokuwa umeegemea ukuta, akauweka upande wake. "Huu umeshakuwa wa Tunduru."

Kwa asiyeujua utani wa makabila, niseme tu hivi: mtani wako ana haki ya kukutukana mbele za watu na kuchukua kitu chako bila kuomba, na wewe kukasirika ni marufuku. Unakikomboa kwa maneno. Mimi na yeye ni watani tangu kabla hatujazaliwa. Nikamvua kofia, nikaiweka juu ya kabati.

"Irudishe, mla mahindi wewe. Kichwa kinapata baridi."

"Kichwa gani? Mimi nimeona korosho tu."

Baada ya hapo mapatano yalikwenda haraka. Yeye alitaka tukutane kila Jumatano kwao. Mimi nikataka kila Jumatano kwetu. Tukafika Jumatano moja kwao, moja kwetu. Mwenyeji anapika, mgeni anakuja na kuni. Alijaribu kunisukumia na madawati, nikamrudishia. Mwavuli niliupata kwa kumwachia spika yetu ndogo kwa wiki nzima. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu upya, nikaona kanizidi. Nilimheshimu kuanzia siku ile.

Jumatano ya kwanza ilikuwa msiba. Watoto wa Mshangano walifika na mizigo ya kuni kichwani, wakaketi upande mmoja. Wangu upande mwingine. Nikawaambia wangu wajitambulishe kwa Kifaransa. Sakafu. Ustadhi akawaambia wake wasalimie kwa Kiarabu. Wakasalimia wote kwa mpigo, wakaendelea na sura iliyofuata ya kitabu, na ilibidi wazuiwe. Tulikula kande, tukaagana.

Jumatano ya pili, kwao, nilifika nimechoka. Nikaweka mkoba mezani, nikageukia ubao kuandika tarehe. Niligeuka nikakuta mkoba haupo na Ustadhi amekaa juu yake.

"Mtani, mkoba wangu."

"Mkoba gani? Mimi nimekalia kigoda."

"Myao, usinichoshe, mimi leo sijanywa chai."

"Mngoni bila chai! Basi hatuna mwalimu leo, tuna gunia."

Watoto walicheka. Mwanzo kwa kujificha, wakiziba midomo, kisha bila kujificha. Kijana mmoja wa kwangu, Mngoni, akasema kwa sauti kumwambia wa Mshangano aliyekaa mkabala naye, "Nyie ndivyo mlivyo, mnakalia vya watu." Na yule akajibu. Na mwingine akamjibu yule. Darasa zima likaanza kujibizana, wakubwa tukiwa tumesimama palepale, na hakuna aliyeangalia chini. Hawakuwa wanavunja adabu. Utani nao ni adabu, tena ya zamani.

Mimi na Ustadhi tuliangaliana. Ninajua uso wa mtu aliyeona bidhaa kabla ya wenzake, na yeye alikuwa na uso huo.

Palepale tukatunga sheria. Jumatano kila mtoto anapewa mtani wake upande wa pili. Una ruhusa ya kuchukua kitu chochote cha mtani wako: kalamu, kiatu, kijiko. Yeye anakikomboa kwa maneno, na aliyechukua ndiye anayechagua lugha. Mchukuaji akiwa wangu, ni Kifaransa. Akiwa wa Ustadhi, ni Kiarabu. Kiswahili hakikomboi kitu.

Binti wa Kimatengo akanyoosha mkono. Hii peke yake ilikuwa habari.

"Madam, mimi sijawahi kusikia Mmatengo ana utani na Myao."

Wa Mshangano wakasema kweli, hata wao hawajasikia. Mmoja akapendekeza apewe mtani wa bandia. Binti akakataa, akasema wenzake wote wana watani halali na yeye hataki wa kichina.

"Nitakuwa mtani wako mimi," alisema Ustadhi. "Kwa mkopo. Ukimpata wa kwenu utanirudisha."

Binti alifikiri. Kisha akatembea mpaka mbele, akanyoosha mkono juu, akamvua Ustadhi kofia. Akarudi kukaa nayo mapajani. "Bonjour," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza la Kifaransa nililomsikia akilitamka bila kuulizwa. Ustadhi alirudi nyumbani siku ile kichwa wazi, kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa hakitoshi kukomboa hata kishikizo. Wiki iliyofuata alikuja amejiandaa, ana karatasi mfukoni. Binti akaongeza bei.

Muhula ukaendelea hivyo. Viatu vilipotea, vikarudi. Kijana mmoja alishika daftari la mwenzake na kudai amsifie mama yake kwa Kifaransa mara tatu, na bila kurudia sifa. Wengine walikuja jikoni kwangu jioni kuulizia maneno ya matusi mepesi. Nikawapa mepesi. Wa Mshangano walikuwa wanakomboa viatu vyao kwa Kifaransa kibovu chenye sauti nzuri, na wangu wanakomboa madaftari kwa Kiarabu chenye haya, ila kilikuwa Kiarabu.

Matatizo hayakukosekana. Jumatano moja mpishi wetu aliingia darasani kuita watu kula, mkono mmoja umeshika mwiko. Alitoka bila mwiko. Akarudi kuudai.

"Kwa Kifaransa!" darasa zima likamwambia.

"Nyie watoto, ugali unashika chini!"

"Kwa Kifaransa!"

Nilitaka kuingilia. Lakini mpishi alikuwa Mbena, na Mbena na Mngoni nao ni watani, hawaachani hivihivi. Akanikazia macho, akauliza neno lenyewe ni lipi. Nikamnong'oneza. Akalisema, kwa hasira, na kwa lafudhi safi kuliko ya nusu ya darasa. Akapewa mwiko. Ugali ulikuwa umeungua, shule nzima ikala ukoko, na Mkuu akaniuliza mbele ya walimu wote kama Kifaransa kinaliwa. Tangu siku ile, bila mimi kusema lolote, watoto waliongeza sheria yao wenyewe: mkubwa yeyote anayeingia darasani Jumatano ni mtani.

Hiyo ndiyo sheria niliyopaswa kuifuta. Sikuifuta. Nilikuwa nimefurahi mno wanaongea.

Mthibiti ubora alikuja Jumatano. Alichagua mwenyewe, alitaka kuona ushirikiano wa shule zote mbili kwa macho yake. Mkuu alikuwa ameandaa kila kitu: pazia jipya ofisini, pilau jikoni, mwenyekiti wa bodi ya shule ameitwa. Huyo mwenyekiti ni mzee mnunuzi wa mahindi, mtu mpole asiyesema mpaka aone mzani. Watoto wa Mshangano walikuja wamepiga pasi. Ustadhi alivaa kofia mpya. Nilihesabu viti vya wageni mara mbili, nikahesabu na wanafunzi. Wote kumi na tisa.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamuru hata anaposhukuru. Alijitambulisha kuwa ni Muha wa Kigoma. Akaketi, akafungua karatasi zake, akaanza kuuliza kwa Kifaransa kizuri kinachokimbia. Kijana wa kwanza alisema jina lake na anapoishi. Wa pili vivyo hivyo. Walijibu, tena macho juu, ila kwa ufupi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amechukua chochote na wala wao hawakuwa wamechukuliwa. Mama akawa anaandika na kuguna. Guno lile nalijua. Ni la mteja anayetafuta njia ya kuondoka.

Mkuu aliniangalia. Nikauona Uraia ukinijia.

Mama akavua miwani aifute, akaiweka juu ya meza atafute kitambaa. Akamgeukia binti wa Kimatengo. "Na wewe, mwanangu," alisema kwa Kifaransa, "unapenda nini?"

Binti alisimama. Akatembea mpaka mezani, akachukua miwani, akaikunja taratibu, akarudi nayo mahali pake, akaketi.

"Hii ni yangu sasa, Madame," alisema kwa Kifaransa. "Unanipa nini?"

Ustadhi alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto!" Mkuu alisimama kiti kikaanguka. "Rudisha miwani ya mgeni! Sasa hivi!"

"Kwa Kifaransa, Mkuu," sauti ikasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, kama mtu anayekumbusha.

Mama aliinua mkono Mkuu anyamaze. Akanigeukia, macho ameyafinya. "Mwalimu, hiki ni kitu gani?"

Nikamweleza. Utani, kuchukua, kukomboa. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati.

"Mimi Muha," alisema. "Mimi na watu wa huku hatuna utani wowote."

"Ndiyo, Mama. Ila leo ni Jumatano."

Mama akavuta kiti chake mbele, akaegemeza viwiko mezani, na nikakumbuka Kigoma ni mpakani. Mtu aliyekulia kule amenunua vitenge kwa Warundi na Wakongo tangu akiwa na kimo cha meza.

"Miwani yenyewe imechakaa," alisema kwa Kifaransa, akipunga mkono. "Mkono mmoja umelegea. Kaa nayo tu, nitanunua mingine."

Nilisisimka. Kutukana mali yako mwenyewe ili ishuke bei! Mama yangu angemkaribisha chai.

"Asante," alisema binti. "Basi soma karatasi zako."

Mama akainua karatasi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka dirishani. Watoto walianza kucheka, wa Mshangano wakiwa wa kwanza, na Kifaransa wanakijua nusunusu. Akajaribu kutoa peremende. Binti akasema ana meno mazuri na anataka yabaki hivyo. Akajaribu kumsifu. Binti akasema sifa anazo nyumbani, labda mgeni ampelekee mjomba.

"Haya, unataka nini?"

"Kifaransa," alisema binti. "Vipindi sita kwa wiki."

Nikashika meza. Tuna vinne. Nilishawafundisha: anza pale ambapo mwenzako atapiga kelele.

"Hivyo siviuzi mimi," Mama alimwambia. "Mwenye mali ni yule." Akamgeukia Mkuu, akabadili lugha. "Mkuu, huyu mtoto anataka vipindi sita vya Kifaransa. La sivyo mimi leo nalala Songea bila macho. Nimejaribu kumpunguza, hapungui."

"Sita!" Mkuu alipiga kelele. "Havijawahi kuwa sita tangu shule ifunguliwe! Ni vinne!"

Mama akageuka, akatafsiri. Binti akasimama.

"D'accord. Vinne."

"Amekubali vinne vyako, Mkuu," alisema Mama.

"Vyangu? Sijatoa mimi! Nimesema tu vilivyopo!"

"Mkuu," alisema mwenyekiti wa bodi, na ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo tangu salamu, "umetaja bei."

"Mzee wangu, shikamoo, lakini hii si—"

"Marahaba. Umetaja mbele yetu."

Mkuu alimwangalia mwenyekiti. Akamwangalia mgeni wake, aliyekuwa amekaa macho yamefinywa akitazama mahali ambapo pilau ilikuwa inanukia, na huku kwetu mgeni hawezi kupelekwa mezani hali haoni anachokula, watu wangesema. Akajaribu mara ya mwisho.

"Mwulize, vitatu je?"

Mama akatafsiri. Binti akaivaa ile miwani, ikamteremkia puani, akatazama dirishani.

"Haya," alisema Mkuu. "Vinne. Mpe Mama miwani yake."

Darasa lilipiga makofi kwa lugha tatu. Binti akapeleka miwani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anavyopaswa, akarudi kukaa.

Ofisini, baada ya pilau, Mama alitoa tathmini yake kwa mdomo mbele ya Mkuu, mwenyekiti, Ustadhi na mimi. "Watoto hawana adabu hata kidogo," alisema. "Na wanaongea. Nimetembelea shule nyingi zenye adabu." Hakuongeza neno. Mkuu akasema ahadi ni ahadi, Kifaransa kinabaki, na mwakani wakiwa kidato cha nne watafanya mtihani wao. Ila kwa kuwa suala la adabu limetajwa rasmi, ananiteua kuwa mwalimu wa nidhamu kuanzia Jumatatu. Nilitaka kubishana, nikapiga hesabu, nikanyamaza. Nimewahi kulipa zaidi kwa kidogo.

Ustadhi naye alikuwa na hoja. "Yule binti ni mtani wangu, kajifunzia kwenye kichwa changu. Kati ya vile vinne, viwili ni vya Mshangano."

"Korosho wewe, nenda nyumbani."

"Kimoja na nusu."

Nilimsindikiza Mama kwenye gari. Aliingia, akafunga mkanda, akateremsha kioo.

"Mwalimu, yule mtoto kauza rahisi."

"Rahisi, Mama?"

"Mkuu wako alikuwa ameshalowa jasho. Pilau inapoa, mzee yuko upande wa mtoto, mimi sioni. Ningekuwa yeye ningekataa vinne, nikadai vitano na vitabu vipya. Angetoa." Akaivaa miwani vizuri, akaniangalia sawasawa. "Mfundishe kusubiri."

Gari likaondoka. Nilisimama pale getini nikipiga ile hesabu upya, na kila nilipoipiga ilitoka vilevile. Vitano. Na vitabu. Sisi tunatumia vitabu ambavyo wanafunzi watatu wanakichungulia kimoja, na wa katikati tu ndiye anayesoma. Usiku ule nilikula kwa hasira.

Kesho yake asubuhi nilimkuta binti bombani akijaza ndoo. Nikamweleza neno kwa neno alichosema mgeni. Nikamweleza kuhusu jasho la Mkuu, na pilau. Nikamwambia mtu aliyekwisha kutajiwa vinne, na mwenyekiti wa bodi yuko upande wake, hasemi "nakubali". Anakohoa. Anaangalia saa. Anamwacha mwenzake ajaze kimya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga bomba.

"Madam, wewe si ulikuwepo pale?"

"Nilikuwepo."

"Ukayaona yote hayo?"

"Niliyaona."

"Mbona hukuongeza?"

Nikamwambia meza haikuwa yangu. Nikamwambia mtu mzima haingilii biashara ya mwenzake ikiwa katikati, hata kama mikono inamwasha, mama yangu hakuniingilia mimi.

"Basi bei uniachie," alisema, kwa Kiswahili, akiniangalia usoni. Akainua ndoo, akaiweka kichwani.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu mteule, nilipaswa kusema kitu. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Kifaransa, na kengele ilikuwa imeshalia. Nikamwambia awahi darasani.